NI NANI ALIYE NYUMA YA MAMBO? DARASA JUU YA MUUMBA, ULIMWENGU NA NAFSI, PAMOJA NA HABARI ZA KISII NA NYAMIRA

Twapenda kuwaletea ndugu zetu wasomaji darasa lililosomwa barazani kwetu siku tatu mfululizo baada ya sala ya Isha. Sababu yake ni kijana mmoja wa mtaa wetu aliyerudi likizo kutoka Kisii, ambako yuko masomoni. Kijana huyu tulimsomesha tangu alif, na alipokuwa hapa hakukosa safu ya mbele. Safari hii alikaa mlangoni. Alipoulizwa ana nini, alijibu kwa adabu: "Maalim, nina swali ambalo nikiliuliza hapa naogopa nitaambiwa nimetoka katika dini."

Tukamwambia aulize. Na wale waliochukizwa kwa kuwa tulimpa nafasi twawaambia kwamba tumekwisha wapoteza vijana wengi kwa neno "usiulize". Hawakuacha kuuliza. Waliacha kutuuliza sisi.

Kisa chake ni hiki. Alikuwa amepanga chumba kijijini, upande wa kuelekea Nyamira. Jirani yake alikuwa bibi kizee ambaye akili zimeanza kumtoka. Usiku hutoka nje akazunguka migombani, nguo zake hazijui, na akiulizwa jina lake hutaja jina la dada yake aliyekwisha kufa. Watu wakaanza kunong'ona neno omorogi, yaani mchawi. Kisha mtoto wa nyumba ya tatu akapata homa, akafa. Jioni ile vijana walikusanyika na mafuta ya taa, na kama si mzee mmoja wa kanisa kusimama mlangoni pa yule bibi mpaka alfajiri, nyumba ingalichomwa naye yumo ndani.

"Sasa, Maalim," akasema, "watu wale wameona mtoto amekufa, wakasema hapana budi yuko mtu nyuma ya jambo hili. Na sisi twaona mbingu na ardhi, twasema hapana budi yuko Aliye nyuma yake. Je, yetu si mazoea yale yale ya kutafuta mtu nyuma ya kila jambo? Kama wao wamekosea, sisi tumejuaje kwamba tumepata?"

Ndugu msomaji, swali hili si jepesi, na atakayelijibu kwa kulaani hakulijibu. Nalo halikuzushwa tu. Mwezi wa Mei 2008, katika vijiji vya Kisii, watu 11, wanawake 8 na wanaume 3, wengi wao wazee sana, walichomwa moto na kundi la watu kwa tuhuma za uchawi. Mwezi wa Oktoba 2021, huko Marani, waliuawa vikongwe wanne kwa tuhuma hiyo hiyo. Haya yalitendwa na watu wasomao Biblia, wenye skuli na simu za mkononi.

Wala asicheke mtu wa pwani. Katika Kilifi yetu hii, mwenye mvi na macho mekundu hulala kwa hofu, na mara nyingi nyuma ya tuhuma kuna shamba ambalo vijana wamechoka kulingojea. Huko Kaya Godoma, Ganze, palifanywa kimbilio la wazee waliookolewa na kuuawa na watoto wao wenyewe.

Kwanza yafaa tujue watu wa Kisii waliamini nini, kwani wengi wetu twadhani kwamba mtu wa bara hakumjua Mungu mpaka alipofikiwa na mmisionari au na mfanya biashara wa Kiswahili. Dhana hii ni kiburi. Wenyewe hujiita Abagusii, na wazee wao husimulia kwamba asili yao ilitoka Misiri. Muumba walimjua kwa jina la Engoro. Jua, waliitalo erioba, lilikuwa kwao katika alama zake, na wazee waliligeukia walipoomba. Wamisionari wa Kikatoliki walipofika Nyabururu mwaka 1911, na Waadventista wakafuata Nyanchwa muda mfupi baadaye, hawakuwafundisha watu wale kwamba ulimwengu una mwenyewe. Walilikuta.

Lakini Engoro alikuwa mbali. Aliumba akajitenga. Matambiko yalielekezwa kwa ebirecha, yaani roho za wazee waliokwisha kufa, na maradhi yalipozidi aliendewa omoragori, mpiga ramli, aghalabu mwanamke, aseme ni roho gani iliyokasirika au ni jirani gani aliyefanya hasadi. Mahali pa juu palijazwa na Muumba mmoja, na nafasi yote iliyobaki, ya homa na mvua na ndoa na kifo, ikajazwa na wengine.

Na sisi je? Ulimini tuna Mola mmoja. Mtoto akishikwa na degedege usiku, ni wangapi miongoni mwetu ambao wa kwanza kumkumbuka ni mganga wa bao? Hirizi zimefungwa viunoni, kuku wamechinjwa kwa pepo, na sahani za kombe zimeandikwa na watu ambao hata kuandika hawajui vyema. Alipolisema hili maalim wetu, baadhi ya waliokuwapo waliinamisha vichwa, na mmoja aliondoka. Hatukumfuata.

Tuliingie swali lenyewe.

Mwenye kwenda Tabaka, kusini ya mji wa Kisii, ataona mawe laini meupe, ya manjano na ya rangi ya waridi, yanayochimbwa na kuchongwa kwa panga na kisu, kisha yakasuguliwa kwa msasa na maji mpaka yang'ae. Ndiyo yale mabakuli na sanamu za vifaru na simba ziuzwazo kwa watalii mpaka huku kwetu, mlangoni pa Ngome. Chukua bakuli moja, ukaulize limetoka wapi. Utajibiwa: limechongwa na fulani. Jiwe je? Limetoka katika shimo fulani. Shimo je? Mwamba ule ulitoka katika volkano za kale, na wataalamu wa miamba wauweka katika zama ambazo zimepita zaidi ya miaka milioni 500, kabla hajatembea mnyama yeyote juu ya nchi kavu. Na volkano ile? Na ardhi yenyewe iliyoyeyuka ndani yake?

Kila jibu hapa ni jibu la kweli. Nalo limepatikana kwa kuchimba, kupima na kuhesabu, si kwa ramli. Mtu akisema bakuli limepasuka kwa sababu jirani amelitazama kwa jicho baya, twaweza kumwonyesha ufa wa tangu machimboni. Hizi ni sababu zilizo ndani ya mnyororo. Pete moja yashika nyingine, na kila pete inachunguzika.

Mchawi ametiwa ndani ya mnyororo huu bila ya kuchunguzwa. Mtoto alikufa kwa homa. Homa ina mdudu wake, na mdudu ana mbu wake, na hospitalini kipimo cha tone la damu chatosha kumjulisha mtu. Watu wakaliacha tone la damu wakashika jina la bibi kizee. Mwingereza mmoja, Evans-Pritchard, aliyekaa na Wazande upande wa Sudani na kuandika kitabu chake mwaka 1937, alieleza kwamba watu wale walijua vyema kuwa ghala huanguka kwa sababu mchwa wamekula nguzo. Walilouliza ni kwa nini limeanguka saa ile waliyokuwa wameketi watu wale chini yake. Hapo ndipo walipomtia mchawi. Basi kosa haliko katika kuuliza kwa nini. Liko katika kumtwika jibu kiumbe mwenzako ambaye huna ushahidi juu yake.

Ama kumuuliza Muumba si kuongeza pete moja katika mnyororo. Ni kuuliza mnyororo mzima umening'inizwa wapi.

Hapa wanavyuoni wetu walikhitalifiana, na ni vizuri watu wajue, kwani siku hizi husomwa kana kwamba wote walisema neno moja. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijra, katika kitabu chake cha kuwajibu wanafalsafa alishikilia kwamba ulimwengu una mwanzo, na kila chenye mwanzo kina mwenye kukianzisha, wala mfululizo wa matukio hauwezi kurudi nyuma bila ya kikomo. Ibn Rushd, kadhi wa Kurtuba, alimjibu kwa kitabu kizima: yawezekana ulimwengu usiwe na mwanzo wa wakati na bado ukamhitaji Mwenye kuusimamisha. Na kabla yao Ibn Sina alikwisha kusema kwamba vitu vyote tuvionavyo vingaliweza kuwapo na vingaliweza kutokuwapo, kwa hiyo vyahitaji Aliyepo kwa lazima, ambaye kuwapo kwake hakukopeshwa na mwingine.

Kwa mfano, itazame taa hii ya umeme iliyo juu ya vichwa vyetu. Waweza kusema imewashwa saa moja iliyopita, ukauliza nani aliyeiwasha. Hiyo ni njia ya Ghazali. Lakini tukadirie kwamba taa hii haikupata kuzimwa tangu azali. Je, haihitaji tena umeme? Yahitaji umeme sasa hivi, dakika hii, na ukikatika twabaki gizani. Mwandishi wa makala haya aona hii njia ya pili ni madhubuti zaidi, kwa sababu haingojei habari ya wataalamu wa nyota.

Kijana akasema: "Basi na Mungu aliumbwa na nani?" Wazee wakaguna, lakini swali ni la haki. Hatukusema kwamba kila kilichopo kina sababu. Tulisema kila kisichosimama kwa nafsi yake kina kukisimamisha. Mtu aweza kujibu, kama alivyojibu Mwingereza Bertrand Russell katika mjadala wa redio mwaka 1948, kwamba ulimwengu upo tu, basi, wala hakuna la kuuliza zaidi. Hatuwezi kumlazimisha mtu huyo kama tunavyomlazimisha mwenye kukataa kwamba mbili na mbili ni nne. Twamwambia tu kwamba yeye ambaye hukubali kuuliza sababu ya kila bakuli na kila homa, amesimama palipo pakubwa kuliko pote akasema hapa siulizi. Katika Sura ya At-Tur Mwenyezi Mungu amewauliza wenye kukanusha kama wameumbwa pasi na kitu, au kama wao ndio waumbaji. Ameuliza, wala hakutisha. Na kijana wetu alilitaja hilo mwenyewe, kabla yetu.

Ama habari za wataalamu wa nyota, twazitaja kwa ufupi. Mwaka 1927 padri wa Kibelgiji, Georges Lemaître, alionyesha kwa hesabu kwamba ulimwengu unapanuka. Mwaka 1929 Edwin Hubble, wa Marekani, akachapisha vipimo vya nyota za mbali vilivyoafikiana na jambo hilo. Mwaka 1965 ukatangazwa ule mnong'ono wa mawimbi utokao pande zote za mbingu, walioupata Penzias na Wilson, uliobaki tangu ulimwengu ulipokuwa moto mkali. Leo umri wa kupanuka huko wakadiriwa miaka bilioni 13.8.

Wako wahubiri wetu wanaofurahi mno kwa habari hizi, wakazisoma ndani ya aya ya 30 ya Sura ya Al-Anbiya kama kwamba ilishuka ili kufundisha fizikia. Sisi twawausia watulie. Mwaka 1951 Baba Mtakatifu wa Roma, Pius wa 12, alihutubia akiitaja elimu hii kama ushahidi wa uumbaji, na Lemaître mwenyewe, ambaye ni padri wake, hakupendezwa. Alitaka hesabu zibaki hesabu. Kwani nadharia ya leo yaweza kurekebishwa kesho, na uliyeifunga dini yako juu yake utasema nini siku hiyo? Aya ni kubwa kuliko darubini, na darubini nayo ina haki ya kusema kile tu ilichokiona.

Siku ya tatu tulisoma juu ya nafsi, na hapa nchi ya Kisii ina jambo ambalo haina nchi nyingi duniani. Tangu zamani, na hata ndani ya karne ya 20, walikuwako huko mafundi wa kupasua vichwa, waitwao ababari. Mtu akipigwa rungu au akianguka, na maumivu ya kichwa yasipomwachia miezi na miaka, hupelekwa kwa omobari. Fundi hupasua ngozi ya kichwa, kisha huukwangua mfupa kwa kisu kidogo kidogo, akiosha damu kwa maji, mpaka afike kwenye utando unaoufunika ubongo. Hapo husimama. Utando ule akiutoboa mgonjwa amekwenda, naye alijua hivyo kwa kufundishwa na baba yake. Haya yote yalifanyika bila ya ganzi, mgonjwa akiwa macho, ameshikwa na jamaa zake. Wengi wao walipona wakaishi. Daktari Edward Margetts, aliyekuwa akitazama wagonjwa wa akili huko Mathari, Nairobi, katika miaka ya 1950, aliandika juu ya mafundi hao, na madaktari wengine wakaja kuandika baada yake.

Fikiri, ndugu msomaji. Fundi yule ameinama juu ya kichwa kilichofunguliwa. Aona utando ukipwita. Mwenye kichwa anaugua, anamwita mama yake, anakumbuka deni lake. Fundi aona damu, mfupa na utando. Lile deni halioni. Hata akifika daktari wa leo na mashine inayoonyesha kila sehemu ya ubongo ikifanya kazi, ataona damu ikikimbilia mahali fulani. Maumivu yenyewe, yale anayoyajua mwenye kuumwa peke yake, hayamo katika picha.

Ibn Sina aliwahi kuwataka wasomaji wake wajidhanie mtu aliyeumbwa mara moja, aning'inie hewani, haoni, hasikii, hata vidole vyake havigusani. Mtu huyo, alisema, hajui kama ana mkono au tumbo, lakini ajua kwamba yupo. Na zamani zetu hizi, huko Montreal, daktari Wilder Penfield alikuwa akiwapasua wagonjwa wa kifafa wakiwa macho, akagusa ubongo kwa umeme mdogo. Mkono wa mgonjwa ulinyanyuka, na mgonjwa akajua kwamba si yeye aliyeunyanyua. Penfield alimaliza uhai wake akiamini kwamba nafsi si ubongo mtupu.

Mwalimu mmoja wa sayansi aliyehudhuria alipinga, na upinzani wake twauandika kwa sababu una uzito. Alisema huenda yule anayejua "si mimi" ni sehemu nyingine ya ubongo ambayo daktari hakuigusa. Tena akasema: mkipiga kichwa, akili hubadilika. Mkimnywesha mtu pombe, tabia hubadilika. Kama nafsi haitegemei ubongo, kwa nini yafuata kila jeraha lake? Tukamkubalia kwamba yafuata. Mwandishi naye hufuata kalamu yake, na nibu ikivunjika maandishi huharibika, wala hakuna atakayesema kwamba nibu ndiyo iliyotunga barua. Akasema mfano si hoja. Ni kweli, si hoja. Na katika Sura ya Al-Isra, Mtume alipoulizwa juu ya roho, aliamrishwa kujibu kwamba hilo ni katika mambo ya Mola wake, na kwamba elimu waliyopewa watu ni chache. Basi palipoandikwa uchache hatukuwa na ruhusa ya kujidai wingi.

Lakini mwalimu yule, kwa upinzani wake, alitufungulia mlango wa yule bibi wa Nyamira. Ikiwa jeraha la ubongo hubadilisha mwenendo, basi bibi yule azungukaye usiku ni mgonjwa. Maradhi haya yana jina. Mjerumani Alois Alzheimer aliyaeleza tangu mwaka 1906, na ubongo wa mwenye kufa nayo ukitazamwa kwa darubini huonekana alama zake. Huanza kwa kusahau, hufuata kupotea njia, kuchanganya usiku na mchana, kutojua watoto wake, pengine kuvua nguo hadharani. Yafananishe na zile alama ambazo watu wa vijijini, wa Kisii na wa Kilifi, huzihesabu kuwa ni za mchawi. Ni zile zile.

Kijana alikaa kimya kidogo, kisha akauliza la mwisho. "Bibi huyo sasa hajui jina lake, hamjui Mungu, hajui kuswali kwa dini yake wala kwa nyingine. Nafsi yake iko wapi?"

Maalim akasema kwamba sheria yetu ilikwisha kulitazama jambo hili kabla ya falsafa. Aliyelala mpaka aamke, mtoto mpaka abaleghe, na aliyeondokewa na akili mpaka imrudie, kalamu ya kuwaandikia dhambi imeinuliwa juu yao. Wajibu wake umeondoka. Haki zake hazikuondoka hata moja: mali yake ni yake, damu yake ni haramu, kumlisha ni wajibu wa wanawe, na akifa huoshwa na kuombewa dua sawasawa na mwenye akili timamu. Lau nafsi ingekuwa ni kumbukumbu tu, sheria ingalimhesabu kuwa amekwisha kufa.

Kijana amerudi Kisii Jumatatu iliyopita kwa basi la usiku. Amechukua barua yetu kwa yule mzee wa kanisa aliyesimama mlangoni, tukimshukuru, na ndani yake tumeweka fedha kidogo zilizochangwa barazani ili bibi apelekwe hospitali na mlango wake utiwe komeo la nje apumzike wanawe wasilale. Baadhi ya ndugu waliuliza kwa nini tumchangie asiyekuwa Mwislamu. Suala hilo tumelipangia darasa la Alkhamisi ijayo, inshaallah, na kila mwenye hoja aje nayo.